Bei ya Kumpata Mtu Yuleyule Mara ya Pili

Mwaka 2018 kliniki nne za Shinyanga ziliandikisha watu wazima 530 waliokuwa ndiyo kwanza wameanza dawa za kufubaza VVU. Watu 184 walipewa huduma ya kawaida ya kliniki ya tiba na matunzo (CTC). Wengine 172 waliahidiwa shilingi 10,000 kila mwezi wakihudhuria, na 174 shilingi 22,500, kwa muda usiozidi miezi sita. Miezi hiyo ilipotimia, swali lilikuwa moja: nani bado yumo kwenye huduma, na virusi vyake viko chini ya nakala 1,000 kwa kila mililita ya damu? Kundi la huduma ya kawaida lilipata asilimia 73. Kundi la elfu kumi, karibu 83. Kundi la elfu ishirini na mbili na mia tano, 86.

Ukiisimulia habari hii kijiweni, mabishano yatahamia kwenye posho: ni halali kumlipa mgonjwa ili ameze dawa yake mwenyewe? Mabishano mazuri, ila tuyaache kwa leo. Tufungue daftari la matumizi, kwa sababu ndani yake kuna kitu ambacho Kanda ya Ziwa imekijenga na kukibomoa kwa zaidi ya miaka thelathini, mradi kwa mradi.

Tuanze na posho yenyewe. Kila mmoja wa wale 172 angehudhuria miezi yote sita angepata 60,000. Jumla shilingi 10,320,000. Wale 174 wangepata 135,000 kila mmoja, jumla 23,490,000. Zijumlishe: milioni 33.8, kama dola 15,000 kwa kiwango cha fedha cha mwaka ule, na hicho ndicho kikomo cha juu kabisa. Ongeza kipimo cha wingi wa virusi. Kwa bei ambazo watengenezaji wakubwa walikuwa wakiziuzia nchi zetu wakati huo, dola 12 kwa kipimo kimoja ni makadirio ya haki. Vipimo 530 ni dola 6,360, yaani milioni 14 na ushee. Posho na vipimo kwa pamoja havivuki milioni 50. Fedha hizo hazifiki hata bei ya Land Cruiser moja mpya, ile inayoegeshwa nje ya ofisi za miradi.

Kwa hiyo fedha nyingine za utafiti wa namna hii zinakwenda wapi? Zinakwenda kwenye kidole. Mgonjwa alifika kliniki, akaweka kidole kwenye kisomeo, mfumo ukamtambua, ukaandika kwamba amehudhuria, na malipo yakatoka kwa simu au taslimu. Nyuma ya kitendo hicho cha sekunde chache yupo aliyeandika programu, aliyewafundisha wauguzi, anayejibu simu mtandao ukikatika, anayelinganisha orodha ya kisomeo na kadi za CTC, na anayepanda bodaboda kumtafuta asiyeonekana. Na vidole navyo vina mambo yake. Mtu anayeponda mawe au kulima kwa jembe mwaka mzima alama zake hufutika. Tuliyaona hayo wakati wa kusajili laini za simu kwa alama za vidole. Katika ukanda wa dhahabu hilo si jambo la kuwekwa pembeni.

Bidhaa ghali kuliko zote katika utafiti wa tiba ni uwezo wa kumpata mtu yuleyule mara ya pili, ukiwa na hakika ndiye, na kumpima kwa kipimo kilekile. Dawa, mashine na posho hufuata nyuma kwa mbali.

Watu wangapi wanatosha?

Rudi kwenye namba za 2018. Elfu kumi kwa miezi sita ilileta ongezeko la pointi 10 hivi, maana yake katika kila watu 10 waliolipwa, mmoja zaidi alifubaza virusi: shilingi 600,000 kwa kila mafanikio ya nyongeza. Kiwango cha juu kilileta pointi 13 kwa 135,000 kila mtu, yaani milioni moja na kidogo kwa kila mafanikio. Mhasibu makini haishii hapo. Atauliza zile 75,000 za juu zimenunua nini. Zimenunua pointi 3. Gawanya, unapata milioni 2 na nusu kwa kila mtu wa ziada.

Ofisa mipango akiiona hesabu hiyo atachagua elfu kumi papo hapo, na atakuwa ameharakisha. Kwa watu 170 na ushee kila kundi, pointi 3 zinaweza kuwa bahati tu. Fomula ya kawaida ya takwimu, inayokubali nafasi moja kati ya tano ya kukosa kuiona tofauti iliyopo kweli, inasema hivi: kutofautisha asilimia 70 na 90 unahitaji watu 60 hivi kila kundi. Kutofautisha 73 na 83 unahitaji kama 265. Kutofautisha 83 na 86, ambalo ndilo swali la fedha hasa, unahitaji karibu 2,280 kila kundi, jumla 4,560.

Hapo ndipo ushirikiano unapoacha kuwa neno la hotuba za ufunguzi. Kliniki nne ziliandikisha watu 530 kwa karibu miezi minane, sawa na watu 66 kwa mwezi. Kwa mwendo huo kliniki hizohizo zingechukua karibu miaka sita kufikisha watu 4,560. Kufikia wakati huo dawa zimebadilika, mwongozo wa wizara umebadilika, na nusu ya wauguzi wamehamishwa. Kliniki 32 za ukubwa uleule zingemaliza kwa miezi tisa. Haikuwa ajabu kwamba hatua iliyofuata ya utafiti huo ilipangwa kwa kliniki 32 za mikoa ya kanda hii. Lakini kuna makato yake: ukigawa makundi kwa kliniki badala ya kugawa mtu mmoja mmoja, watu wa kliniki moja hufanana, na idadi inayohitajika hupanda tena.

Shinyanga ilikuwa tayari na mazoezi. Kati ya 2013 na 2015 watu 805 wanaotumia dawa waliandikishwa kwenye jaribio lililolinganisha fedha na chakula: 347 walipewa fedha za thamani ya kama dola 11 kwa mwezi, 345 wakapewa kapu la unga wa mahindi, karanga na maharage la thamani hiyohiyo, na 113 wakapata ushauri wa lishe peke yake. Waliokuwa na dawa mkononi kwa asilimia 95 ya siku au zaidi, baada ya miezi sita, walikuwa 85 kwa mia katika kundi la fedha, 79 katika kundi la chakula na 63 katika kundi la ushauri. Karanga zinahitaji ghala, mizani na mtu wa kuangalia panya. Shilingi zinahitaji mnara wa simu, ambao tayari upo. Bila jaribio la kwanza, la pili lisingejua lianzie wapi. Hata hivyo lilibidi liombe fedha upya, liajiri upya, lipate vibali upya.

Watu 3,692

Tofauti za pointi chache kama hizi zimewahi kuamua mambo makubwa zaidi, na mfano wake uko jirani. Kuanzia 1991 Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) na Chuo cha Usafi na Tiba ya Tropiki cha London waliendesha jaribio katika jamii 12 za Mkoa wa Mwanza wa wakati ule, uliokuwa bado umeibeba wilaya ya Geita. Wazo lilikuwa rahisi: tibu magonjwa ya zinaa vizuri kwenye vituo vya afya na zahanati zilizopo, kwa kufuata dalili, uone kama maambukizi mapya ya VVU yatapungua. Jamii sita zilianza mara moja, sita zikasubiri.

Waliandikishwa watu wazima 12,537. Miaka miwili baadaye walionekana tena 8,845, yaani asilimia 71. Katika jamii zilizopata huduma bora, watu 48 kati ya 4,149 waliokuwa hawana virusi walikuwa wameambukizwa. Katika jamii zilizosubiri, 82 kati ya 4,400. Asilimia 1.2 dhidi ya 1.9. Matokeo yakatoka kwenye jarida la Lancet mwaka 1995, na sera za nchi nyingi za tiba ya magonjwa ya zinaa zikageuka.

Zitazame namba hizo kwa mara nyingine. Maambukizi yote yaliyohesabiwa ni 130. Watu ambao hawakuonekana tena ni 3,692, mara 28 ya maambukizi yote. Kama waliopotea wangekuwa na tabia tofauti na waliobaki, na tofauti hiyo ingeangukia upande mmoja, hitimisho lote lingeyumba. Asilimia 71 ilikuwa kazi nzuri sana kwa vijiji vya 1994 visivyo na simu. Lakini ndiyo sababu kila pointi ya ufuatiliaji inayoongezeka ina thamani kuliko darubini mpya.

Huduma yenyewe ilikuwa ya bei ya kutupwa. Hesabu zilizochapishwa 1997 zilionyesha dola 59,060 kwa mwaka kwa bei za 1993, sawa na senti 39 kwa kila mkazi aliyehudumiwa, na dola 10.33 kwa kila mwaka wa maisha yenye afya uliookolewa. Ukizileta kwenye bei za 2024, dola 59,060 ni kama 128,000. Namba hizo zimenukuliwa kila mahali, na kila zinaponukuliwa kuna jambo linaloachwa: ni gharama ya tiba. Gharama ya kujua kwamba tiba inafanya kazi, yaani kuwafuata wale 12,537 kijiji kwa kijiji mara mbili, haimo. Nchi iliyoichukua sera hiyo ilipata ujuzi bure. Aliyeubeba mzigo ni karani wa mahojiano aliyekuwa na baiskeli, na mtu wa kijijini aliyetoa mkono wake uchomwe sindano mara mbili.

Halafu likatokea la Rakai. Uganda walijaribu swali linalofanana, kwa njia ya kuwatibu watu wote kwa wingi kila baada ya miezi kadhaa, na mwaka 1999 wakaripoti kwamba VVU haikupungua. Mabishano yakawa makali. Kilichosaidia kuyatuliza ni takwimu za Mwanza, Rakai na jaribio jingine la Uganda, la Masaka, kuwekwa meza moja na kuchambuliwa pamoja. Ikaonekana kwamba janga la Mwanza lilikuwa changa zaidi, na magonjwa ya zinaa yanayotibika yalikuwa mengi zaidi. Tiba ileile isingeweza kufanya kazi ileile. Kuweka daftari tatu pamoja hakuhitaji mgonjwa hata mmoja mpya. Kunahitaji zihifadhiwe vizuri, ziandikwe kwa namna inayosomeka na mtu mwingine, na mwenyewe akubali kuzitoa.

Kwa nini watafiti wanakuja machimboni

Kuna sababu isiyotajwa sana kwenye vipeperushi. Uchunguzi uliochapishwa 2003 katika jamii zinazozunguka migodi mipya ya dhahabu ulikuta VVU kwa asilimia 6 ya wafanyakazi wanaume wa mgodi, 16 ya wanaume wengine wa eneo hilo, 18 ya wanawake wengine, na 42 ya wanawake wanaofanya kazi kwenye baa, migahawa na nyumba za wageni. Aliye ndani ya uzio, 6. Anayemwuzia bia nje ya uzio, 42. Wastani wa wilaya unaifuta picha hiyo yote.

Kwa mtafiti, namba hizo zina maana ya bajeti. Katika jaribio la dawa ya aciclovir lililochapishwa 2008, wanawake 821 wanaofanya kazi kwenye sehemu za starehe kaskazini magharibi mwa Tanzania walipewa ama dawa ya kuzuia malengelenge ya sehemu za siri, ama kidonge kisicho na dawa, kuona kama VVU itapungua. Walioambukizwa walikuwa 27 upande wa dawa na 28 upande wa pili. Dawa haikusaidia. Maambukizi yalikuwa 4.27 kwa kila miaka-mtu 100, ukihesabu kila mtu aliyefuatiliwa mwaka mmoja kuwa mwaka-mtu mmoja; kwa jumla kama miaka-mtu 1,290.

Sasa chukua kiwango cha taifa. Utafiti wa VVU wa 2022–23 uliweka maambukizi mapya kwa watu wazima kwenye asilimia 0.18 kwa mwaka. Kupata maambukizi 55 katika watu wa kawaida ungehitaji miaka-mtu 30,500 na zaidi. Tuseme, kwa makadirio yangu, kumfuatilia mtu mmoja mwaka mzima kunagharimu shilingi 200,000 ukihesabu vipimo, nauli na sehemu ya mshahara wa mfuatiliaji. Jaribio la wahudumu wa baa lingekuwa milioni 258. La watu wa kawaida, bilioni 6.1. Hatari anayoishi nayo mhudumu wa baa ndiyo inayopunguza gharama ya utafiti mara 24.

Sioni kosa katika kufanya utafiti mahali ugonjwa ulipo. Ungefanyia wapi? Lakini punguzo la bilioni kadhaa limetoka kwenye mwili wa mtu, na ni haki kuuliza limerudi wapi. Jibu la wastani ni kwamba lilirudi kama kliniki nzuri kwa miaka ya mradi. Mradi ukaisha, kliniki ikafungwa.

Rashi

Kumpata mtu mara ya pili ni kugumu kila mahali, ila Geita ina ugumu wake. Fununu ikitoka kwamba duara fulani, yaani shimo la wachimbaji, limetema dhahabu, huko Nyarugusu au hata kuvuka hadi Mwakitolyo upande wa Shinyanga, rashi inaanza. Ndani ya wiki chache wanahama wachimbaji, wenye makarasha, mama lishe, wauza dawa na wenye baa. Namba ya simu uliyoandika Januari ni ya laini iliyotupwa Machi. Ukiuliza nyumba, utaonyeshwa turubai lingine lililotandazwa mahali pale pale na watu wengine ndani.

Kati ya 2015 na 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Katoliki cha Afya, Bugando, na wenzao wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, waliandikisha wajawazito 1,056 kaskazini mwa Tanzania, 883 kutoka maeneo ya wachimbaji wadogo na 173 kutoka maeneo yasiyo na machimbo, ili kupima zebaki na aseniki miilini mwao. Uchambuzi wa baadaye juu ya ukuaji wa akili za watoto ulikuwa na watoto 439. Si kila pengo kati ya 1,056 na 439 ni mtu aliyehama. Mimba nyingine huharibika, na watoto wengine hawaangukii umri unaotakiwa siku ya kipimo. Lakini yeyote anayepanga utafiti wa miaka mitano machimboni aanze na somo hilo: andikisha mara mbili ya unaowahitaji, au lipia ufuatiliaji.

Zebaki yenyewe inajulikana muda mrefu. Mwaka 2003 mradi wa Umoja wa Mataifa ulipima watu wa Rwamgasa na kuwalinganisha na wa Katoro. Katika wachomaji 99 wa mchanganyiko wa dhahabu na zebaki, 25 walikutwa na sumu ya kiwango cha ugonjwa. Makala ya kitaalamu yenye hesabu kamili ilitoka 2010. Miaka saba kati ya mkojo kukusanywa na makala hiyo kutoka! Anayechoma kwenye kikaango jikoni, watoto wakiwa mlangoni, hakuwa na kituo chochote karibu cha kumwambia kiwango chake kilikuwa kiasi gani na kama kinapanda.

Katika utafiti wa wajawazito kulikuwa na ujanja mmoja mdogo ambao ningependa uangaliwe kwa karibu. Badala ya kubeba chupa za damu, kidole kilichomwa na matone yakaangushwa kwenye karatasi nene ya kuchujia, yakaachwa yakauke, kadi ikaingia kwenye bahasha. Haihitaji barafu. Linganisha na njia ya kawaida ya wingi wa virusi: damu iliyochukuliwa inapaswa kuzungushwa kwenye mashine na plazima kutenganishwa ndani ya saa 24, kisha plazima ikae kwenye baridi, na ikiwa ni ya kuhifadhiwa miaka, iende kwenye friji ya nyuzi 80 chini ya sifuri.

Friji ya aina hiyo inakula kama uniti 15 za umeme kwa siku. Kwa Luku ya nyumbani, ambako elfu moja inakupa uniti 2.8, hiyo ni shilingi 5,350 kwa siku, karibu milioni 2 kwa mwaka, friji moja. Hapo hujaweka jenereta, mafuta, wala fundi wa kutoka mbali. Na haiwezi kuzimwa mradi unapoisha Juni na mwingine unapoanza Februari. Ukiizima umetupa damu ya watu waliokubali kuchomwa kwa ahadi kwamba itatumika.

Miundombinu mingine wala haina jina la utafiti. Kwa miaka mingi sampuli kutoka Geita kwenda Mwanza ilisubiri kivuko cha Kigongo–Busisi pamoja na ng'ombe na mabasi, pengine saa nzima, pengine mbili. Juni 2025 daraja la kilomita 3 lilifunguliwa pale, kwa gharama ya zaidi ya shilingi bilioni 700. Hakuna mwanasayansi aliyeliombea fedha, lakini limeongeza saa za uhai wa kila kichupa cha damu kinachokwenda Bugando.

Nani analipia katikati ya miradi

Mahali pekee katika kanda ambapo uwezo huu umesimama muda mrefu ni Mwanza. NIMR iliundwa kwa sheria ya 1979. Kituo chake cha Mwanza na wabia wa London walianzisha kitengo cha kudumu cha majaribio, MITU, mwaka 2006. Faida ya kudumu inaonekana kwenye chanjo ya HPV, virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi. Kati ya wasichana 930 wa Mwanza wa umri wa miaka 9 hadi 14, waliogawanywa makundi sita ya 155, wapo waliopata dozi moja, mbili au tatu. Miaka miwili baadaye karibu wote wa dozi moja walikuwa bado na kinga mwilini. Kinga mwilini peke yake haikuambii kwamba mtu hataugua. Kenya ndiyo iliyokuwa na nusu nyingine ya jibu: wasichana na wanawake vijana 2,275 wa Kisumu, Thika na Nairobi, ambako dozi moja ilizuia maambukizi ya kudumu ya HPV aina ya 16 na 18 kwa asilimia 97.5. Damu za Mwanza zikilinganishwa na za waliolindwa kwingine, kwa kipimo kilekile cha maabara moja ya Marekani, hoja inakamilika bila kusubiri saratani kwa miaka ishirini. Shirika la Afya Duniani liliikubali dozi moja mwaka 2022. Tanzania ikahamia huko Aprili 2024, ikilenga wasichana milioni 4.8. Kwa bei ya dola 4.50 ambayo nchi zinazosaidiwa na muungano wa chanjo wa Gavi zimekuwa zikilipiwa, dozi moja isiyochomwa kwa kundi hilo ni dola milioni 21.6.

Shinyanga na Geita hazina kitengo kama hicho. Zina miradi. Na fedha za miradi zimeandikwa kwa namna isiyoacha kitu nyuma. Majaribio ya posho ya Shinyanga yalipata fedha za serikali ya Marekani, ambayo kwa miaka mingi iliruhusu taasisi za nje kutoza asilimia 8 tu ya gharama za moja kwa moja kwa ajili ya uendeshaji: paa, umeme, uhasibu. Vyuo vya Marekani vyenyewe mara nyingi hutoza zaidi ya 50. Mpango wa Ulaya na Afrika wa EDCTP, ambao Umoja wa Ulaya uliutengea hadi yuro milioni 683 kwa awamu yake ya pili, uliruhusu 25. Kwa kila dola 100,000 za kazi, Marekani ilikuachia 8,000, sawa na shilingi milioni 20, umeme wa friji kumi kwa mwaka na hakuna kingine. Mei 2025 taasisi kuu ya utafiti wa afya ya Marekani ilitangaza kuacha kupitisha fedha kwa taasisi za nje kupitia vyuo vyake hadi utaratibu mpya upatikane. Waliokuwa wakitegemea asilimia 8 wakajikuta hata hiyo iko mashakani.

Ingegharimu kiasi gani kuwa na kikosi cha kudumu cha mikoa miwili? Nimepiga hesabu ya kwenye bahasha. Kliniki 32, kila moja wafuatiliaji wawili wa kwetu wanaojua njia za vijiji na maduara, laki nne mshahara na laki moja na nusu nauli na vocha: milioni 422 kwa mwaka. Ofisi ya takwimu ya watu sita kwa milioni mbili kila mmoja kwa mwezi: milioni 144. Vipimo 10,000 vya wingi wa virusi kwa dola 12: milioni 300. Friji nne, jenereta na matengenezo: milioni 68. Jumla milioni 934. Mtu anaweza kupunguza hapa na kuongeza pale. Haitakwenda mbali na bilioni moja.

Mgodi wa Geita unatoa karibu wakia 480,000 za dhahabu kwa mwaka. Mrabaha wa asilimia 6 peke yake, kwa bei ya wastani ya 2024 ya zaidi ya dola 2,300 kwa wakia, unapita dola milioni 66. Fedha za wajibu wa mgodi kwa jamii zimekuwa shilingi bilioni 9.2 kwa mwaka. Bilioni moja ni kama sehemu ya tisa yake. Kishawishi cha kusema mgodi ulipe ni kikubwa, nami nakikataa. Kikosi kitakachopima magonjwa ya majirani wa mgodi kisilipwe mshahara na mgodi. Mrabaha unaopita Hazina ni jambo lingine: ni fedha ya umma, na unaweza kuombewa fungu bungeni kama barabara inavyoombewa. Upande wa pili walipe wanaokuja. Mradi wowote unaotumia wafuatiliaji hao uwalipe kwa kila mtu aliyefuatiliwa, kwa bei iliyobandikwa ukutani, badala ya kuajiri wake kwa miezi kumi na minane. Kwa ile 200,000 niliyoikadiria, watu 5,000 kwa mwaka wanatosha kulipia kikosi chote.

Linabaki suala la vidole. Alama za watu waliolipwa kupitia kisomeo ni taarifa binafsi nyeti, na tangu Mei 2023 zinalindwa na sheria ya 2022 ya ulinzi wa taarifa binafsi. Rejista moja ya pamoja kwa mikoa miwili ingepunguza gharama ya kumtambua mtu aliyehama kutoka Kahama kwenda Katoro, kwa sababu kliniki ya pili ingejua ni yuleyule. Ingekuwa pia orodha ya watu wenye VVU, yenye alama za vidole, katika miji midogo ambako kila mtu anamjua kila mtu. Kwa hiyo kabla ya bei, mkataba uandike nani anashika ufunguo wa rejista hiyo mradi unapokwisha, nani anaruhusiwa kuulinganisha upande mmoja na mwingine, na mgonjwa anayetaka kujiondoa aende dirisha gani.